Mgonjwa asiyeona atasomewa majibu na nani?

Wanaotetea mifumo ya kidijitali hospitalini wana hoja ya kweli. Aliyewahi kuzungushwa madirishani akitafuta faili lililopotea hatamani turudi huko. Malipo kwa kumbukumbu namba, ile namba ya bili unayoiingiza kwenye simu ili kulipa, nayo yamepunguza fedha za kupita mkononi. Mkoa wa Dar es Salaam, wenye watu 5,383,728 kwa Sensa ya 2022, hauwezi kuhudumiwa kwa daftari.

Kinachonikera ni kauli kwamba wanaokwama ni wagumu wa kubadilika, watazoea tu. Mchukue mzee wa Mbagala mwenye kitochi. Kumbukumbu namba ina tarakimu 12, macho hayaoni vizuri, anabonyeza moja moja. Hajafika mwisho, menyu ya malipo inajifunga. Anaanza upya, inajifunga tena. Mwishowe anamkabidhi simu kijana wa pembeni, namba ya siri akimtajia kwa sauti foleni nzima ikisikia. Huyo amekataa mabadiliko gani?

Kwa asiyeona ni zito zaidi. Simujanja yenye programu ya kusoma skrini humsomea maandishi vizuri, lakini ratiba ya kliniki ikiwekwa kama picha, mara nyingi simu inakaa kimya. Kitochi ndicho hakisomi chochote. Majibu ya vipimo yakiingia humo kwa ujumbe, amwombe nani? Mwanawe? Mpangaji mwenzake? Na yakiwa ni majibu ya VVU? Daktari anafungwa na maadili kutunza siri ya mgonjwa, halafu mfumo unamlazimisha mgonjwa huyohuyo kuitoa siri yake ili apate kuijua. Tuna Sheria ya Watu wenye Ulemavu tangu 2010 na ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022. Sioni namna jambo hili linavyopatana na dhamira ya sheria hizo.

Gharama? Dirisha lenye mhudumu linahitaji mshahara, sibishi. Ila kuandika ratiba kwa maneno badala ya kuipiga picha hakuhitaji bajeti, na muda wa menyu ni suala la kukaa mezani na kampuni za simu. Huduma ya sauti nayo si ndoto: Wizara ya Afya tayari ina namba 199 ya kupiga na kuongea na mtu.

Mfumo wowote wa hospitali ya umma usipokelewe kwa mkandarasi kabla wasioona, viziwi na wazee hawajaujaribu wenyewe, kwa simu zao. Na dirisha la mhudumu libaki wazi, kama sehemu ya huduma yenyewe.