Theluji ya Mama Samaki

Kwenye usaili niliulizwa kama naijua theluji. Nikajibu, "Sana." Mimi huyu, mzaliwa wa Manyatta, Kisumu, ambako ukiondoa mvua ya mawe, kitu cheupe kinachomwangukia mtu kutoka juu ni kinyesi cha yangeyange.

Kazi ilikuwa ya mtandaoni. Hoteli ndogo huko Austria, kwenye milima ya Alpi, ilitaka mtu wa kujibu jumbe za wageni na kuwaandikia kila asubuhi mistari mitatu kuhusu hali ya theluji. Saa kumi na mbili asubuhi yangu ni saa kumi alfajiri yao, kwa hiyo wao bado wanakoroma, mimi nimeshamaliza chai na utabiri uko mezani. Mwenye hoteli, mama mmoja asiyepoteza maneno, alitaka Kiingereza kizuri kwa bei ya chini. Vyote ninavyo.

Wiki ya kwanza ilipita salama. Hewa kavu, jua, theluji ya zamani. Nikanakili tarakimu nikalala tena. Ijumaa ya wiki ya pili utabiri ukasema sentimita 30 usiku kucha. Nikapandwa na mori kama niliyeagiza mzigo huo mwenyewe. Nikaandika: "Amkeni! Sentimita 30 za theluji laini mlangoni penu!" Nikaweka na katuni ya mtu anayeteleza.

Mstari mdogo wa chini sikuusoma. Zile sentimita 30 zilikuwa za mita 2,400 kwenda juu. Hoteli iko mita 1,100 na kitu, yaani kimo chetu kabisa, maana Kisumu tuko kama mita 1,131. Usiku ule baridi ya nyuzi sifuri ilikuwa inaanzia karibu mita 1,900. Juu ya hapo theluji, chini kabisa ni mvua tu. Hewa hupoa kwa nyuzi sita na nusu hivi kila ukipanda mita elfu moja. Hilo nalijua tangu utotoni, ndiyo maana tukienda Kericho tulikuwa tunabebeshwa sweta. Lakini sweta ilibaki kwenye kichwa cha Kericho, haikuvuka kwenda Austria.

Saa nne nikatumiwa picha. Mwanamume wa makamo, suti ya rangi ya chungwa, miwani mikubwa kwenye paji la uso, skii, vile vibao virefu vya kutelezea, begani, mwavuli mkononi, na kiatu kimoja kimemezwa na tope. Nyasi zimemzunguka, kijani kibichi. Alifanana kabisa na mtu anayesubiri boda Nyamasaria baada ya mvua, nikamhurumia kama ndugu.

Chini ya picha, mwenye hoteli aliandika: "Umewahi kuiona theluji?"

"Kwa televisheni," nikajibu. Uongo ulikuwa umeniishia.

Hakunifuta. Alinipa siku mbili nikajue tofauti ya theluji kavu ya unga, theluji mbichi, na ile iliyoyeyuka mchana ikaganda tena usiku. Eti mgeni haulizi ni nyingi kiasi gani tu, anauliza ni ya namna gani. Sikubishana. Nami nikinunua unga wa ugali huwa siishii kwenye kilo.

Sasa Kisumu mtu ataishikia wapi theluji? Nikamkumbuka jirani yetu, Mama Samaki, na friza lake refu kama jeneza, kuta zake za ndani zimeota weupe wa miaka.

"Mama, naomba kuona friza."

"Unataka ngege au mbuta?"

"Nataka kukwangua."

Akanitazama kutoka miguuni hadi kichwani. "Nyathina, mwanangu, umekula lakini?"

Nilimweleza. Sidhani alielewa, ila alikuwa na haraka ya kwenda soko la Kibuye. Akaniachia duka kwa sharti moja: "Usiniachie kifuniko wazi."

Nikatoa samaki wa juu, nikawapanga kwenye karai, nikaingia kazini na kijiko cha supu. Weupe wa karibu na kifuniko ulikuwa umelowa: ukiufinya unashikana kama tonge la ugali, maji yanachuruzika hadi kwenye kiwiko. Wa chini pembeni ulikuwa mkavu, mwepesi. Nikaupuliza, ukaruka wote ukanirudia usoni. Nikaandika daftarini: "Unga. Wa hali ya juu." Magamba ya samaki yaliyokuwa ndani yake sikuyaandika.

Hapo ningefunga friza. Lakini nikainamisha sinia, upande mmoja nikapaka mbichi, upande mwingine kavu, nikachukua omena wawili nikawaachilia kutoka juu. Wa upande mkavu alishuka kama umeme. Wa upande wa mbichi alifika katikati akagoma. Vijana wa boda wakajaa, pesa zikaanza kuwekwa. Aliyegoma tulimwita Philip Boit, kwa heshima: yule Mkenya wetu aliyemaliza wa mwisho kwenye mbio za skii, Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano 1998, na mshindi, Bjørn Dæhlie, akamsubiri mwisho wa mbio amkumbatie. Kila Boit wetu alipofika chini, tulimshangilia kuliko mshindi.

Stima ilipotea saa ngapi, hakuna aliyejua. Friza lililokuwa likinguruma lilinyamaza, na sisi kelele zetu zilitosha.

Mama Samaki alirudi magharibi. Kifuniko wazi. Karai limekaliwa na paka wawili. Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. Aliinama akabonyeza samaki mmoja mmoja kwa kidole, anahesabu kwa sauti ndogo. "Kumi na wanne," akasema. Nikanunua ngege kumi na wanne. Nilijaribu kuomba bei ya jumla, akanitazama tena kutoka miguuni hadi kichwani.

Usiku stima ikarudi. Kulipokucha nilimpelekea salio la deni, nikapitisha mkono ndani ya friza. Ule ukuta uliolowa jana ulikuwa umeganda ukang'aa kama kigae. Kijiko kilipogusa kilichepuka. Nikafungua utabiri wa Austria: jana jua na nyuzi nne, usiku mawingu hakuna, nyuzi sita chini ya sifuri. Nikaandika bila kunakili popote: "Asubuhi ni ngumu na inateleza, noeni kingo za skii. Kuanzia saa tano italegea, hapo ni tamu. Baada ya saa nane itawakwamisha."

Jioni mwenye hoteli akaandika: "Ilikuwa hivyo hivyo. Umejuaje?"

Nilikuwa naondoa miiba ya ngege wa tano. Nikamjibu kwamba nina mtaalamu.

Siku hizi stima ikipotea mtaani, Mama Samaki hunipigia simu kabla ya kutafuta mshumaa. "Nyathina, uko wapi? Mikono yako iko wapi?"