Kadudu ka mtoni kana kazi gani?

Habari inasema wanasayansi wa Kosovo walimpa mdudu mpya wa mtoni, wa kundi liitwalo caddisfly kwa Kiingereza, jina la Potamophylax coronavirus, na mchangiaji mmoja hapo juu anauliza katatusaidia nini. Kaka, punguza kasi.

Jina si mzaha. Halil Ibrahimi na wenzake walimtangaza 2021, korona ikiwa imepamba moto, na walitaka kusema pia kwamba mito yao ina janga lake la kimyakimya, hasa ujenzi wa mitambo ya umeme wa maji. Tena kumtambua ni shughuli: kwa macho utasema ni nondo tu, mabawa yamejaa vinyweleo. Lazima dume awekwe chini ya hadubini, vichunguzwe viungo vya uzazi mwishoni mwa tumbo.

Mimi napenda buu lake, linaloishi majini. Nilipokuwa mdogo, likizo kwa bibi milima ya Uluguru, tukigeuza mawe kijitoni tulikuta vimirija vya mchanga, chembe juu ya chembe kama ukuta wa fundi asiye na haraka. Ukikiweka kiganjani ukatulia, kichwa kinachungulia. Kumbe ni jamaa zake, na gundi yao ni hariri wanayoitoa mdomoni!

Wengi wao hawavumilii maji machafu, kwa hiyo kuwakuta ni dalili ya maji safi; kazi yao ndiyo hiyo. Sasa nenda mto Msimbazi uliochafuka, pale Jangwani Dar, ugeuze jiwe uone kama utawakuta. Na mto Ruvu tunaoutegemea Dar kwa maji unaanzia hukohuko Uluguru, kaka.

Mwandishi, mbona hukuweka picha ya buu?