Kiti kipo, sauti ndiyo haipo

Mwandishi mmoja gazetini humu anataka wanafunzi wapewe kiti kwenye bodi za shule hapa Kenya. Ndugu, kiti kipo tangu 2013. Sheria ya Elimu ya Msingi, kifungu cha 56, inamtaja mwakilishi wa baraza la wanafunzi katika bodi ya shule ya sekondari, kama mjumbe kwa wadhifa wake, yaani anaingia kwa sababu ya cheo chake barazani.

Binti yangu alikalia kiti hicho katika shule moja huku Eastlands, Nairobi. Usiku wa kuamkia mkutano alipiga sare pasi mara mbili, akaandika daftarini mambo matatu: maji ya choo, wadudu kwenye githeri, na basi ambalo wazazi tulilichangia na hatujaliona hadi leo. Akapewa soda. Akaombwa aongoze sala. Kisha akaambiwa angoje nje, wakubwa wazungumze mambo ya pesa. Daftari lilirudi nyumbani bila kufunguliwa (soda aliimaliza, tuseme ukweli).

Halafu wanafunzi wakigoma tunashangaa. Mimi ningeanza na vitu vidogo: mwanafunzi apate ajenda wiki moja kabla, na kumbukumbu za mkutano zibandikwe kwenye ubao wa matangazo. Habari ya mwanafunzi kupiga kura kwenye bodi tutaizungumza baadaye.