Majarida ya Berlin, Majarida ya Saluni

Hapa Berlin kuna maduka yasiyouza kitu kingine ila majarida, na si yale ya udaku. Ni ya watu wachache wanaojitegemea, yanatoka mara mbili au nne kwa mwaka, matangazo ya kuhesabu, karatasi nzito isiyong'aa, kurasa zimeshonwa kwa uzi. Moja linaweza kufika yuro 20, yaani karibu shilingi 3,000 za kwetu Kenya. Nanunua, sitajifanya.

Uzuri wake unaeleweka. Apartamento, lililoanza Barcelona mwaka 2008, huingia nyumba za watu na kuzipiga picha zilivyo, vyombo kwenye sinki na kitanda hakijatandikwa, nawe unajikuta umesoma mahojiano marefu ya mtu usiyemjua kwa kuwa herufi zimepangwa bila kuchosha macho. Simu haina subira hiyo. Kinfolk nalo lilizaliwa Portland mwaka 2011, likahamia Copenhagen, na likaacha wafuasi wengi mno: meza ya mbao, kikombe cha udongo, dada mwenye sweta kaegemea dirisha, na nafasi nyeupe ya kutosha kulaza mtoto. Ukishaona manne umeyaona yote.

Kinachonikera hasa ni yanakoishia. Rafiki zangu wa huku huyapanga sebuleni mgongo kwa mgongo, na ukichukua moja ukalifungua, mgongo unalia: hujatanguliwa na mtu.

Nairobi jarida halipati usingizi huo. Shangazi yangu alikuwa na saluni Umoja, na lundo la majarida kwenye stuli karibu na draya. Majalada yameng'oka, ukurasa wa mapishi umeondoka na mteja, mwanamitindo kachorwa masharubu na mtoto aliyechoka kungoja mama yake asukwe. Yakichakaa hapo yanahamia kwa kinyozi wa jirani. Mengine utayakuta kando ya barabara ya Tom Mboya, yametandazwa juu ya nailoni, muuzaji anayapangusa vumbi huku mkielewana bei. Ndiyo maana nikiambiwa Wakenya hawapendi karatasi, huwa nashangaa. Jarida la Joe, la mwanahabari Hilary Ng'weno na mchoraji Terry Hirst, lilianza Nairobi mwaka 1973 likatuchekesha kwa miaka kadhaa. Jarida la fasihi la Kwani? likaja mwaka 2003, nene kama kitabu.

Pesa ndiyo habari nyingine. Mengi ya majarida haya ya Ulaya huandikwa Kiingereza hata yakitoka Barcelona, ili nakala chache chache ziuzike katika miji mingi. Anayechapisha Nairobi akitaka kufanya hivyo, nauli ya kusafirisha itakula faida kabla mzigo haujashuka.

Lakini mikono tunayo, na ushahidi uko River Road, mtaa wa wachapaji Nairobi. Mpelekee mchapaji picha za marehemu jioni, asubuhi una kijitabu cha mazishi cha rangi: wasifu, ukoo mzima kwa majina, picha ya shule, ya harusi, ya Mombasa na miwani ya jua. Wakati mwingine kijana wa kompyuta anakosea tarehe, inarekebishwa hapo hapo huku mashine inanguruma na wajomba wanabishana nani atangulie kwenye orodha. Kijitabu hicho hakifungiwi njugu. Kinakaa kabatini pamoja na hati ya shamba, na mgeni akija anaonyeshwa. Kwa maoni yangu hilo ndilo jarida huru linalopendwa kuliko yote Nairobi, ila masharti yake ni makali: lazima ufe kwanza.

Ningependa mafundi hao hao wapewe watu walio hai. Waanze na wachoraji wa matatu, maana kazi yao inadumu mpaka gari liuzwe, kisha mmiliki mpya anapaka rangi juu yake.