Sayari ya Reach ilianguka kwa siku moja au kwa wiki tano?

Riwaya nyingi zinazotokana na michezo ya video huandikwa mbiombio, na The Fall of Reach ya Eric Nylund haikuepuka hali hiyo: aliiandika kwa takriban wiki saba. Ilitoka mwishoni mwa Oktoba 2001, na mchezo wenyewe, Halo: Combat Evolved, ukaingia madukani Novemba 15. Wako basi waliomfahamu Master Chief, askari shujaa wa mchezo huo, kitabuni kabla hawajamwongoza kwenye skrini. Mwaka 2010 Bungie, studio iliyotengeneza mchezo ule, ilirudi kwenye sayari hiyohiyo kwa mchezo wa Halo: Reach na kuyasimulia maangamizi yake kwa namna inayogongana na kitabu. Mashabiki wakagawanyika: wengine wanataka mchezo uheshimu kilichokwisha kuchapishwa, wengine wanasema mchezo ndio mzazi na kitabu ni mtoto. Pande zote mbili zina hoja, ingawa hazilingani uzito.

Kwanza tuone kitabu kilifanya nini. Mchezo wa 2001 unaanza askari akiamshwa kutoka usingizi wa baridi ndani ya meli ya anga ya Pillar of Autumn, ambayo imetoka kukimbia Reach. Ametoka wapi, nani alimfanya awe hivyo, hatuambiwi. Nylund alilijaza pengo hilo kwa jambo zito: mwaka 2517 Dkt. Catherine Halsey anachagua watoto 75 wa miaka sita, wanaibwa makwao, na badala yao wazazi wanaachiwa kloni, nakala za watoto wao, zinazougua na kufa. Wakifika miaka 14 watoto wale wanaingizwa kwenye chumba cha upasuaji. Mifupa inapakwa kauri ngumu, lakini isizidi asilimia 3 ya uzito wa mifupa yote, kwa kuwa ikizidi chembe nyeupe za damu huanza kufa. Tena kwa mtoto anayekua, mfupa unaweza kusagika usitengenezeke kamwe. Thelathini wanafariki na 12 wanabaki vilema. Waliobaki 33 ndio Spartan. Nylund anaorodhesha hatari hizo kwa lugha kavu ya ripoti ya hospitali, na ukavu huo ndio unaoumiza, kwa sababu msomaji ameshawajua watoto wale kwa majina.

Halafu kuna suala la sheria za mchezo, mahali ambapo waandishi wengi wa aina hii hukwama. Kwenye Halo, ngao ya nishati ikiisha unajificha sekunde chache, inajijaza, unarudi vitani. Ukifa, unarudishwa nyuma kidogo na kujaribu tena. Ukiyahamisha hayo kitabuni kama yalivyo, hofu yote inakwisha. Nylund aliigeuza ngao kuwa tukio: Agosti 29, 2552, John-117, yaani Master Chief, anaijaribu deraya mpya ya Mark V kwa mara ya kwanza akiwa na Cortana, akili bandia inayomsaidia, na jaribio lenyewe linageuka mtego wa kumuua. Msomaji anajifunza ngao inavyofanya kazi wakati uleule anapohofia kwamba haitatosha. Kabla ya hapo, mwaka 2525, deraya hazikuwa na ngao kabisa. Samuel-034, Spartan mwenzake, anatobolewa ya kwake ndani ya meli ya maadui, na njia pekee ya kutoka ni kuruka kwenye ombwe. Tundu dogo tu, basi hatoki. Anabaki kulinda mabomu mpaka yalipuke. Mchezo ungemrudisha, kitabu hakina namna.

Linganisha na The Flood ya William C. Dietz ya 2003, inayofuata mchezo wa kwanza hatua kwa hatua. Kila Master Chief anapopita vyumba ambavyo mchezaji amevipita mwenyewe, maandishi yanachoka: adui anatokea, anapigwa, mlango unafunguka. Kinachobaki kichwani ni yale ambayo mchezaji hakuyaona, kama askari Jenkins, aliyevamiwa na kiumbe cha Flood, vimelea vinavyoteka miili, lakini akili yake ikabaki macho ndani ya mwili usiomtii. Ushahidi huo unanitosha kusema kwamba riwaya ya aina hii hunawiri pale mchezo usipofika.

Sasa mgongano wenyewe. Kitabuni, Reach inashambuliwa Agosti 30, 2552, ghafla, na zaidi ya meli 300 za Covenant, muungano wa viumbe wa sayari nyingine wanaopigana na wanadamu, na kufikia mwisho wa siku ngome kuu ya wanadamu imekwisha. Kwenye mchezo wa 2010, Covenant wanagunduliwa Julai 24. Agosti 14 meli yao kubwa mno inalipuliwa angani. Agosti 23 mji wa New Alexandria unateketea. Ndipo inakuja Agosti 30.

Watetezi wa mchezo wana hoja nzuri. Vita vya siku moja vinavyopiganwa zaidi angani haviwezi kubeba hatua kumi za askari wa miguu. Mchezaji anahitaji kuiona nchi ikifa polepole: kwanza shamba, kisha kituo cha utafiti, kisha mji. Wala Bungie hawakumpuuza Nylund. Wanakikosi wa Noble, kikosi cha mchezaji katika mchezo huo, isipokuwa mmoja aitwaye Jorge, ni Spartan-III, kizazi cha tatu cha Spartan alichokibuni Nylund mwenyewe katika Ghosts of Onyx ya 2006.

Lakini tarehe zina matokeo. Ikiwa mji umeteketea Agosti 23, vipi Agosti 29, kwenye sayari hiyohiyo, John yuko uwanjani anajaribiwa deraya kana kwamba kuna amani? Vipi Spartan wanaandaliwa safari ya mbali ya kumkamata kiongozi wa Covenant, wakati Covenant wenyewe wako mlangoni? Kitabuni safari hiyo inavunjwa na shambulio la ghafla, na maamuzi yote ya sura za mwisho yanatokana na mshtuko huo. Ukiuondoa, wahusika wanaonekana wazembe. Tena hiyo Agosti 29 kitabu kinamweka Cortana ndani ya deraya ya John, huku mchezo ukimweka maabara kwa Halsey, akisubiri kubebwa na Noble. Ilibidi itolewe shajara ya Halsey, iliyofungwa pamoja na matoleo maalumu ya mchezo, na maelezo mengine baadaye, kwamba Cortana aligawanywa na taarifa zilifichwa. Viraka hivyo vinashika, ila mshono unaonekana.

Naona Bungie walikuwa na haki ya kubadilisha mapigano, lakini wiki tano zilikuwa nyingi mno. Siku tatu au nne zingetosha kuiua nchi machoni pa mchezaji bila kuyavuruga maamuzi ya kitabu.

Kwa msomaji wa Kiswahili jambo hili lina sura nyingine. Halo 3: ODST ya 2009 inatembeza wachezaji New Mombasa, Mombasa ya karne zijazo, iliyobomolewa, penye majina ya Kizingo na Kikowani, na binti mmoja anaitwa Sadie Endesha. Mji tunaukuta tayari magofu. Sauti ya Sadie tunaikusanya vipande vipande kutoka kwenye mashine za barabarani. Reach ilipata kitabu kilichoionyesha ikiwa hai, watoto wakikimbizwa mazoezini kwenye baridi ya milima yake, ndiyo maana kuanguka kwake kunauma. New Mombasa inastahili kurasa kama hizo, za siku ya kawaida Kizingo kabla anga halijapasuka.