Kerneli mpya, mipangilio ya zamani: hatari iko kwenye kilichopotea

Wanaofufua kompyuta za mtumba hapa Lamu kwa kuziwekea mfumo endeshi wa Linux hubishana sana juu ya jambo hili: ukiunda kerneli mpya, yaani kiini cha Linux kinachoendesha vifaa vya kompyuta, je, uhamishe faili ya zamani ya mipangilio, ile .config, au uanze upya?

Wanaotaka ihamishwe wana hoja nzito. Kerneli ina maelfu ya vipengele vya kuchagua, na faili ile imeshabeba majibu ya mashine yako: diski, sauti, kadi ya Wi-Fi. Unainakili kutoka /boot, unaandika make oldconfig, kisha unaulizwa yaliyo mapya tu. Ukianza upya na make defconfig, yenye mipangilio ya kawaida tu, utapata kerneli inayowaka, lakini huenda isiitambue Wi-Fi yako. Kwenye laptop kuukuu kazi hii hula saa nyingi, na stima zetu mnazijua.

Upande wa pili nao hausemi ovyo. Majina ya vipengele hubadilika au hufutwa, na kwa kawaida jina lisilojulikana tena huachwa bila neno. Chukua kompyuta ya mezani ya saiba pale Langoni iliyokuwa ikisoma diski kwa CONFIG_IDE, kipengele cha madereva ya zamani ya diski. Toleo la 5.14 la kerneli, la mwaka 2021, liliondoa madereva hayo. Kazi yake sasa ni ya CONFIG_ATA. Kama faili yako haikuwa na ATA, hakuna atakayekuonya. Kerneli itaundwa vizuri, itaanza kuwaka, halafu itakwama kwa sababu haioni diski yenye mfumo.

Mwaka 2024 CONFIG_RETPOLINE, kinga dhidi ya udhaifu wa prosesa uitwao Spectre, nayo ilibadilishwa jina ikawa CONFIG_MITIGATION_RETPOLINE. Aliyekuwa ameizima ili mashine yake iende kasi, akikubali tu chaguo la kawaida, kinga ilimrudia. Huyo simsikitikii.

Mimi naona faili ihamishwe, hasa kama matoleo yanakaribiana. Ila watu huogopa maswali mapya, wakati balaa liko kwenye yale yaliyoanguka njiani. Kwa hiyo make olddefconfig, inayojijibia yote kwa chaguo la kawaida, naiona ya haraka mno kwa mruko mkubwa. Tumia oldconfig, kisha endesha scripts/diffconfig ulinganishe .config.old na .config. Mistari yenye alama ya kutoa ndiyo ya kusoma polepole.

Wapo wanaopunguza mzigo kwa make localmodconfig, inayobakisha moduli (vipande vya kerneli vinavyopakiwa vikihitajika) zinazotumika wakati ule tu. Ni nzuri, lakini chomeka kwanza modemu ya USB, la sivyo bando litakuwepo na intaneti hupati.

Na kama faili imetoka kwenye Linux ya Debian au Ubuntu huku msimbo wa kerneli ukiwa wa kernel.org, tovuti ya kerneli yenyewe, tazama CONFIG_SYSTEM_TRUSTED_KEYS: huelekeza kwenye cheti ambacho hakimo katika msimbo huo. Usipoiacha tupu, kazi itakatikia njiani.