Wanawake wa Poe hawasemi kitu

Mtu anayependa mashairi ya Edgar Allan Poe ukimwomba akutajie wahusika wake, atakutajia wanawake: Lenore, Annabel Lee, Ulalume. Majina matamu, yanateleza mdomoni. Kwangu mimi hao si wahusika hata kidogo. Hebu niambie Lenore alipenda nini, alikuwa akicheka vipi, aligombana na nani. Huna jibu, kwa sababu Poe hakukupa. Alikupa jina, uzuri na kaburi, basi.

Kwamba wanawake hao wanakufa haishangazi. Poe alizaliwa Boston, Marekani, mwaka 1809. Mama yake mzazi, mwigizaji wa jukwaani, alifariki Desemba 1811. Mama aliyemlea akafariki 1829. Mkewe Virginia, ambaye alikuwa binamu yake na aliolewa akiwa na miaka 13 (hili hunikera kila nikikutana nalo), alitokwa damu mdomoni akiwa anaimba, Januari 1842. Kifua kikuu kilimla taratibu hadi Januari 1847. Ndiyo maana wengi wakiona marehemu yeyote katika mashairi haya husema moja kwa moja: huyo ni Virginia.

Tarehe zinawakatalia. The Raven, yaani Kunguru, lilitoka Januari 1845, Virginia yu hai. Poe alikuwa anaomboleza kabla ya msiba.

Anayeishi kweli ndani ya mashairi hayo ni mfiwa. Mtazame katika Kunguru. Ni usiku wa manane, Desemba, yuko peke yake na vitabu vyake vya kale, anasinzia. Anasikia mlango unagongwa. Akifungua, ni giza tupu. Analinong'oneza giza jina la Lenore, mpenzi wake aliyekufa, na mwangwi ndio unaomjibu. Kisha kunguru anaingia kwa dirishani na kutua juu ya sanamu ya Pallas, mungu wa kike wa hekima wa Wagiriki wa kale. Anaulizwa jina, anajibu neno moja lenye maana ya "kamwe tena". Jamaa anatabasamu. Anavuta kiti, anakaa mbele ya ndege, na akili yake inamwambia kitu cha maana kabisa: huyu atakuwa amelisikia neno hili kwa bwana wake wa zamani aliyekuwa na mkosi, na hajui lingine.

Halafu anaanza kumuuliza. Je, kuna dawa ya uchungu huu? Je, nitamkumbatia Lenore peponi? Jibu analijua kabla hajafungua mdomo, na bado anapanga maswali yake ili jibu hilohilo lizidi kumchoma. Poe mwenyewe alilieleza hili katika insha ya mwaka 1846: mtu huyu anapata raha fulani katika kujitesa. Katika insha hiyohiyo anasema ndege aliyemjia kwanza akilini alikuwa kasuku. Nashukuru alibadili mawazo, ingawa nakiri ningependa kuisoma rasimu ya kasuku.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema Poe aliandika kuhusu kifo. Aliandika kuhusu mtu anayekataa matanga yaishe.

Katika Annabel Lee, lililochapishwa Oktoba 1849 siku mbili baada ya Poe mwenyewe kufariki Baltimore, mfiwa anawalaumu malaika kwamba waliwaonea wivu, na usiku kucha analala kando ya kaburi pwani. Watu hulisoma kwenye harusi! Nadhani hawafiki ubeti wa mwisho.

Ninalolipenda zaidi ni Ulalume, la Desemba 1847, ambalo wengi hulibeza kwa sababu ya kelele za vina vyake. Mwanamume anatembea usiku wa Oktoba akizungumza na nafsi yake, Psyche. Nafsi inaogopa, inamsihi wakimbie. Yeye anaibembeleza, anaibusu, wanaendelea hadi wanakwama kwenye mlango wa kaburi. Anauliza pameandikwa nini. Psyche anamtajia: Ulalume. Hapo ndipo anapokumbuka kwamba usiku kama huo, mwaka mmoja uliopita, yeye mwenyewe ndiye aliyeleta mzigo wa kutisha mahali hapo. Miguu ilikuwa inaijua njia muda wote.

Katika mashairi yote matatu, Psyche ndiye pekee wa kike anayefungua kinywa, naye ni kipande cha mwanamume huyohuyo. Kama hujawahi kumsoma Poe, anza na Ulalume, Kunguru atakusubiri.